Begi Juu ya Kiti cha Mbele

Jumapili, 5 Mei 2024

Namshukuru Mungu aliyenifikisha kwenye mvua za mwaka huu nikitembea kwa miguu yangu na kusoma kwa macho yangu. Daftari hili nimepewa na binti yangu Suzan. Amesema, "Baba, maneno unayotusimulia mezani kila siku, yaweke humu, nasi tule chakula kikiwa moto." Nimecheka, nikalipokea. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichosomea Maandiko nilipokuwa mkimbizi. Kibari, lugha ya kwetu, kwangu ni cha kuombea, na Kiarabu cha Juba ni cha kununulia nyanya.

Leo baada ya ibada Kasisi Lino ameniita. Nimekwisha kustaafu uinjilisti katika kanisa letu hapa Gurei, Juba, lakini kitabu kimoja kingali mikononi mwangu: rejista ya ubatizo ya kambini Uganda, niliyoianza mwaka 1988 na kuifunga mwaka 2006, tuliporudi nyumbani. Majina ni zaidi ya elfu moja, yote kwa mwandiko wangu. Vijana wanaotaka kufunga ndoa huja kwangu, na watu wasio na karatasi nyingine ya kuonyesha walizaliwa na nani, nami huwafungulia. Uzi wa kitabu umeoza na kurasa zimeanza kuchomoka. Kasisi ameniomba nikipeleke sokoni Konyo Konyo kikatolewe fotokopi kabla unyevu haujakila. Nimekubali.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua tangu alfajiri. Sikutoka.

Jumanne, 14 Mei

Suzan, ambaye kazi yake ni ya mizigo pale uwanja wa ndege, leo alikuwa na mapumziko. Amemleta fundi kulitengeneza gari alilolinunua Uganda ili mimi na wazee wenzangu tufike kwa wagonjwa. Fundi amechora namba ya gari kwenye kila kioo, amevikaza vioo vya pembeni kwa skrubu, na betri ameifungia kwenye kikapu cha chuma chenye kufuli. Nilikaa barazani nikitazama, moyo ukinung'unika.

"Suzan, tunalinda gari au tunajenga gereza?"

"Baba, kioo cha pembeni huondoka kabla hujamaliza kusema amina."

"Basi nitasema amina macho yakiwa wazi."

"Hayo ndiyo ninayotaka." Kisha akanipa sheria zake. Kiti kiwe kitupu. Kile kisanduku cha mbele ya abiria kiachwe wazi, ili anayechungulia aone hamna kitu. Gari liegeshwe mbele ya watu, wala lisiegeshwe pembeni penye kivuli.

"Hata koti nisiache?"

"Hata koti. Mwizi haoni koti, Baba. Anaona kilicho chini ya koti."

Nilimjibu kwamba mimi humkabidhi Mungu gari langu kila ninapolishuka. Akanitazama kwa upole, kama wanavyotutazama watoto wetu tunapozeeka, akasema, "Mkabidhi likiwa tupu."

Nimeona hiyo ni imani haba. Naandika hivi ili nikumbuke kwamba niliona hivyo.

Jumanne, 21 Mei

Ee Bwana, nisaidie kuliandika hili.

Katika Juba hii hakuna mzee wa kanisa asiye na begi la warsha. Mashirika hutuita kusikiliza habari za amani, habari za maji, habari za afya, na kila warsha hutoa begi jeusi la kompyuta. Kompyuta hatuna. Tunabebea Maandiko, kanzu za ibada na viazi vitamu. Mimi ninayo manne. Asubuhi hii nilitia rejista katika lile lililo zima kuliko mengine, kwa sababu zipu yake haipitishi maji.

Duka la fotokopi halikuwa na umeme. Kijana mwenye duka alisema jenereta ingewaka baada ya saa moja. Paa lake lilikuwa likivuja juu ya kaunta, nikasema kitabu kitakuwa salama zaidi garini. Nilikirudisha. Nilikiweka juu ya kiti cha mbele, nikapandisha vioo, nikafunga milango yote minne, nikavuta kila kitasa kuhakikisha.

Mlinda magari wa upande ule ni Fulgensio, mwanajeshi wa zamani, mguu wake wa kushoto ni mfupi kwa jeraha. Alinijia akiegemea fimbo.

"Mwalimu, begi hiyo iko inaita watu."

"Ndugu yangu, ndani yake ni majina ya watoto waliobatizwa. Nani ataiba majina?"

"Mwizi hapana soma majina, Mwalimu. Yeye nasoma begi."

Nilitabasamu, nikamwambia Bwana ndiye mlinzi. Yule aliyepewa macho ya kulinda alikuwa amesimama mbele yangu akinionya, nami nikampita kwenda kununua kufuli. Naam, kufuli ya sanduku la kuhifadhia kitabu hichohicho.

Mvua ilishuka ghafla. Juu ya mabati ya Konyo Konyo ilipiga kelele hata muuza kufuli alinitajia bei kwa vidole. Katika kelele ile kioo kilivunjwa, na hakuna aliyesikia. Niliporudi, milango yote minne ilikuwa bado imefungwa. Kiti kilikuwa kimejaa vipande vidogo vya kioo kama chumvi ya mawe, na begi halikuwapo.

Fulgensio alitokea kati ya vibanda akihema, amelowa, mdomo wake umepasuka na unatoka damu. "Malesh, Mwalimu, pole sana. Mimi nilifuata yeye."

Nami, mbele ya akina mama wa chai na wapagazi, nilisema maneno haya: "Kwa mguu huo? Ulimfuata, au ulimwonyesha njia?"

Aliokota fimbo yake, akaenda kusimama mbali.

Sasa niseme lililonikata zaidi, kwa maana mbele ya daftari sina wa kumficha. Mwezi wa Februari 1991, kambini, mke wangu Kiden alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Kasisi hakuwapo. Nilimbatiza mimi mwenyewe, nikamwita Rejoice. Aliishi siku tisa. Kaburi lake liko ng'ambo ya mpaka, na pale sasa ni shamba la mihogo. Kiden naye amekwisha kutangulia. Jina la Rejoice halikuandikwa mahali pengine popote duniani ila katika rejista ile, na katika safu ya mwisho, ile ya maelezo, niliandika neno moja ambalo sikumwonyesha hata mama yake.

Jumatano, 22 Mei

Nimekwenda kituo cha polisi. Ofisa aliandika: begi moja, kitabu kimoja.

"Kitabu cha nini, Mzee?"

"Cha majina."

"Ya watu walio hai?"

"Baadhi yao."

Alisimamisha kalamu kidogo, kisha akaendelea kuandika. Aliniuliza nani ninayemshuku. Nilitaja jina la Fulgensio.

Jumapili, 26 Mei

Nimesimama mbele ya kanisa nikaungama uzembe wangu. Hakuna aliyenilaumu, jambo lililoniumiza kuliko lawama. Mama Lilly, mama wa ubatizo wa Rejoice, ambaye sasa hasikii vizuri, aliuliza kwa sauti kubwa, "Ameibiwa nini?" Alipoambiwa, alifunika uso kwa kitenge chake.

Kasisi Lino na wazee tumekubaliana: kila Jumapili nitakaa mezani baada ya ibada na rejista mpya, na jina lililopotea litarudishwa kwa ushuhuda wa watu wawili waliokuwapo. Sharti la watu wawili nimelitaka mimi. Pasipo hilo, kitabu kitakuwa cha uvumi.

Suzan ameweka kioo kipya cha gari. Hajasema neno lolote kuhusu begi. Mungu ambariki kwa ukimya huo.

Jumapili, 2 Juni

Majina kumi na saba yamerudi. Watu wanaleta mashangazi, majirani, wakunga. Jamaa mmoja alimleta mtu ambaye hawajasemezana tangu kambini, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwapo. Wameondoka pamoja wakitaniana juu ya mbuzi aliyepotea mwaka 1994.

Jubek, fundi ujenzi, anataka kufunga ndoa Agosti. Anaye shangazi yake tu. Nimemwambia alete shahidi wa pili.

"Mwalimu, wa pili wote wamekufa."

"Basi tusubiri."

"Tusubiri wafufuke?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Ameondoka bila kuaga.

Alhamisi, 6 Juni

Mvua. Nilipita Konyo Konyo bila kumsalimu Fulgensio. Yeye alinisalimu.

Jumanne, 11 Juni

Suzan ametoka kazini na karanga za kukaanga, zimefungwa katika karatasi iliyokunjwa kama pembe. Tulikuwa tukila. Karanga zilipopungua, nikaona wino wa bluu chini yake, na katika wino ule nikaona herufi "g" yenye mkia mrefu. Ni "g" yangu. Chuoni mwalimu wangu aliipiga kalamu nyekundu miaka miwili asifanikiwe kuinyosha.

Nilizimwaga karanga mezani. Kilikuwa kipande cha ukurasa wa mwaka 1997, majina sita, kimelowa mafuta lakini kinasomeka.

"Umezinunua kwa nani?"

"Kwa Nyawal, Baba, karibu na lango la samaki."

Tulisali hapohapo, mikono yetu inanuka karanga.

Jumatano, 12 Juni

Nyawal ni mwanamke mrefu, mcheshi, na hakujua kosa lolote. Karatasi hununua kwa mafungu kutoka kwa wachuuzi wa karatasi kuukuu. Kusoma hajui. Nilipomwonyesha kipande changu, alipiga makofi.

"Kumbe ni hizi! Hata wewe unazitaka? Basi nenda kwa yule wa fimbo. Amezimaliza."

"Wa fimbo yupi?"

"Fulgensio wa magari. Kila asubuhi anakuja na magazeti anayoomba pale hotelini. Anasema, Nyawal, nipe zile za bluu, mimi napa wewe gazeti. Karatasi kwa karatasi. Nikamwambia, wewe mzee, unaandikiwa barua na msichana? Akasema, ndiyo, wasichana elfu moja." Akacheka hata akashika kiuno. Kisha akaona uso wangu, akaacha. "Nimesema vibaya, Mwalimu?"

"Hapana, mama. Umesema vizuri kuliko nilivyostahili kusikia."

Dhambi niliyoitenda mbele ya watu sikuweza kuitubia sirini. Nilikwenda palepale nilipoegesha siku ile, mbele ya akina mama walewale wa chai, nikavua kofia.

"Ndugu Fulgensio, nilikuita mshirika wa mwizi, na jina lako nikalipeleka polisi. Nilisema uongo. Naomba unisamehe."

Akasema, "Polisi walikuja. Waliuliza mimi maswali siku mbili."

"Nisamehe."

"Kalas, yamekwisha, Mwalimu. Vaa kofia, mvua inakuja." Alikwenda nyuma ya banda la chai, akarudi na mfuko wa unga uliojaa karatasi zilizonyoshwa moja baada ya nyingine. "Mimi nilitaka leta zote pamoja. Lakini hapana kwisha. Nyawal anauza sana."

Mmoja wa akina mama alisema, "Alimng'ang'ania mwizi yule kwenye mkanda wa begi, Mwalimu. Akapigwa ngumi ya mdomo. Sote tuliona. Wewe hukutuuliza."

Nilikwenda kituoni tena, nikafuta shuku yangu, nikataka iandikwe kwamba nimeifuta.

Jumapili, 16 Juni

Katika mfuko wa Fulgensio tumepata ukurasa wa Jubek: jina lake, la baba yake, la mama yake, tarehe. Nimekwenda mwenyewe hadi anakojenga, nikampelekea. Nilimwomba radhi kwa ukali wangu. Alikuwa juu ya kiunzi, mwiko mkononi.

"Kwa hiyo sasa nipo, Mwalimu?"

"Ulikuwapo siku zote. Mimi ndiye sikuona."

Jumapili, 7 Julai

Kurasa zinaendelea kurudi. Muuza dagaa ameleta mbili, na mwanamke wa Gurei ameleta moja iliyokuwa imeziba tundu la dirisha lake. Suzan huzipiga pasi juu ya kitambaa, nyumba yote inanuka mafuta ya karanga. Za mwaka 1991 zimerudi zote isipokuwa ukurasa wa Februari.

Alhamisi, 18 Julai

Nimejifunza kushuka garini. Nafungua kisanduku cha mbele, naacha wazi. Naangalia viti. Ninachobeba nakibeba, na nisichoweza kukibeba nakiacha nyumbani. Fulgensio huzunguka gari akichungulia kama daktari, kisha hugonga paa mara mbili. "Maskini kabisa," husema. "Gari hii hata mwizi ataachia sadaka." Zamani niliona kukesha na kuamini ni mambo mawili. Sasa naona kwamba kitu nilichokabidhiwa kukitunza, nikikiacha wazi kisha nikamwomba Mungu akilinde, nimemwachia Yeye kazi aliyonipa mimi.

Jumapili, 4 Agosti

Kasisi Lino amesema jina la Rejoice liandikwe kwa neno langu na la Mama Lilly. Nimekataa. Mimi ni mzazi, tena ndiye mbatizaji, tena ndiye mwandishi. Siwezi kuwa shahidi pia. Mama Lilly ni mmoja. Jubek nilimwambia asubiri akiwa na mmoja, na wengine wanne walioandikwa katika ukurasa huohuo wa Februari wangali wanasubiri kwa neno hilohilo. Sitamfungulia binti yangu mlango niliowafungia watoto wa wengine.

Mama Lilly alinipiga begani kwa kiganja. "Laku, tangu kambini wewe ni mgumu kama muhogo wa jana."

Jumamosi, 17 Agosti

Harusi ya Jubek. Nimekula, nimecheza kidogo, magoti yanalalamika.

Jumapili, 1 Septemba

Mvua kubwa. Rejista mpya imekamilika ila kwa majina machache. Namshukuru Mungu. Nimejizoeza kusema kwamba Yeye analijua jina lile, na hilo linatosha. Nalisema kila siku, kwa hiyo pengine bado halijanitosha.

Jumamosi, 14 Septemba

Leo nilipeleka rejista mpya kwenye fotokopi, nikiwa nimeikumbatia kifuani kama mtoto. Umeme ulikuwapo. Nakala mbili zimetoka: moja ya Kasisi, moja ya dayosisi. Niliporudi garini, Fulgensio alikuwa akinisubiri.

"Zote zimerudi, Mwalimu?"

"Karibu zote. Ukurasa mmoja tu haukurudi, wa Februari 1991."

Akachora kitu kwenye tope kwa ncha ya fimbo, akakifuta.

"Huo kuna mtoto ya siku tisa?"

Nilishika mlango wa gari.

"Umejuaje?"

"Ile siku ya mvua. Mimi nilivuta mkanda, begi ikafunguka kidogo, karatasi moja ikaanguka kwa mfereji. Mwizi akapiga mimi. Nilipoamka, nilichukua karatasi. Maji ilikuwa inakula wino. Mimi nasoma polepole, Mwalimu, lakini nasoma. Nilisoma mstari moja tu, hiyo mingine ilikwisha ondoka. Rejoice. Baba Laku, mama Kiden. Aliishi siku tisa. Halafu hiyo pia ikaondoka, mimi naangalia."

Alitoa kifuani karatasi iliyokunjwa ndani ya nailoni. Ilikuwa tupu, yenye wingu jepesi la bluu kutoka pembe hadi pembe.

"Kwa nini hukunipa?"

"Siku ya kwanza wewe hukuamini mguu yangu. Ungeamini macho yangu? Baadaye tulipatana, nikasema, sasa mtu analeta karatasi tupu kwa mwalimu kusema nini? Lakini kuna neno moja mimi sikuelewa. Mwisho ya mstari. Mtoto amekufa, halafu mtu ameandika: Asante. Mimi nilijiuliza miezi yote hii. Asante ya nini?"

Miaka thelathini na mitatu sikumwambia mtu neno lile. Nililiandika usiku wa msiba, nikaliona aibu asubuhi, lakini sikulifuta. Tulisimama kando ya gari tupu, mimi na mtu niliyemwita mwizi wakati alipokuwa ameshika jina la mwanangu mikononi mwake.

"Asante ya siku tisa," nilimwambia.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa chenji iliyo sawa.

Jumapili, 22 Septemba

Baada ya ibada Mama Lilly aliketi upande mmoja wa meza, na Fulgensio, aliyevaa shati la kuazima, upande wa pili. Kasisi Lino aliweka ule ukurasa mtupu kati yao, akauliza kila mmoja alichokiona. Mama Lilly aliona maji kichwani mwa mtoto. Fulgensio aliona maandishi. Kasisi alisema kilichoibiwa kwetu ni maandishi, na aliyeyaona ni shahidi wa kweli; na kuanzia leo ushuhuda wa namna hiyo utapokelewa kwa wote. Kati ya wale wanne wanaosubiri, wawili wana ndugu walioyasoma majina yao nilipowafungulia kitabu. Wataitwa Jumapili ijayo.

Kisha niliandika. Rejoice, binti wa Laku na Kiden. Alibatizwa Februari 1991. Aliishi siku tisa. Mashahidi: Lilly, Fulgensio. Fulgensio alitia sahihi yake polepole, ulimi ukichungulia kwenye kovu la mdomo.

Ilibaki safu ya mwisho. Nilimpa kalamu.

"Andika wewe," nilimwambia. "Wewe ndiye uliyelitunza neno lile."

Akaandika kwa herufi kubwa, akavuka mstari kidogo, na sikumsahihisha.